Kungoja Pande Mbili

Uranose, 9 Februari 2014

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, aliyetuweka wewe na mimi katika tumbo la mama mmoja, naanza waraka huu.

Kwako mdogo wangu Agata Fusae,

Salamu nyingi katika Bwana. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na binti yako Kiwako, na kwamba baridi ya mwaka huu haijakukaa kifuani kama ilivyozoea ulipokuwa mtoto. Mimi nashukuru. Mwezi wa Oktoba nilipatwa na kiharusi kidogo; mkono wa kushoto ulilegea, na sasa umerudi kiasi cha kushika bakuli. Kamelia zimechanua kando ya kanisa, na upepo umeangusha nyingi juu ya makaburi. La Mama nililifagia jana.

Anwani yako nimeipata katika kitabu cha simu, chini ya kumbi za majong. Sikumwuliza mtu. Najua imetimia miaka thelathini na moja tangu tulipozungumza mara ya mwisho, na sitajifanya kwamba ni miaka miwili. Lakini nina shida, na shida yenyewe itakushangaza.

Daktari ameniamuru niende mara tatu kwa juma katika kituo ambako wazee hushinda mchana. Huko wanacheza majong, kete zilezile zako, watu wanne mezani. Ukutani wamebandika maandishi makubwa: hakuna dau, hakuna pombe, hakuna sigara. Daktari asema kuhesabu kete kunaamsha ubongo uliolala. Nilikataa majuma mawili, nikakaa dirishani na rozari yangu. Juma la tatu Sista Hatsuno, mtawa aliyekuja hapa baada yako akawa anawapikia watoto wa chekechea, ambaye sasa ana miaka themanini na miwili, aliniita mbele ya watu wote: "Katekista, hebu njoo ukae. Tunapungukiwa mtu wa nne. Kama ni dhambi, Padre yupo Jumamosi."

Nilikaa. Tangu siku hiyo nimekuwa wa mwisho kila siku. Mezani tuko mimi, Sista, Bi Kinuyo aliyekuwa mpiga mbizi, na Mzee Ideguchi aliyekuwa tarishi. Mimi huwahi kuupanga mkono wangu, nikabakiza kete moja tu ya kuukamilisha, nikatangaza. Kisha kete hiyo haiji. Bi Kinuyo hupiga meza kwa kiganja: "Mzee Tokuji anangoja tena kete ambayo haijachongwa!"

Nauliza basi: mtu aliyebakiwa na njia nyembamba ya kungoja, aipanue vipi? Sina mwingine wa kumwuliza.

Nakuombea.

Kaka yako,
Dominiko Tokuji

*

Sasebo, 2 Machi 2014

Kaka,

Salamu. Mimi mzima, Kiwako mzima, kifua nacho kizima. Pole kwa kiharusi. Je, mguu haukuguswa?

Barua yako ilikaa juu ya friji siku kumi na sita. Kiwako aliiona akaniuliza, "Mama, hiyo ni ya serikali?" Nikamwambia ni nzito kuliko ya serikali, ni ya mjomba wako. Akanitazama kama nimemwambia ni ya mfalme wa Ureno.

"Sina mwingine wa kumwuliza," umeandika. Muongo mkubwa wewe, na ukatekista wako. Umekaa meza moja na mtawa anayekuchapa kila siku, si ungemwuliza yeye? Lakini haya, umeniuliza mimi, nami kazi yangu ni hiyo. Ukumbi wangu una meza sita, na kila meza ina mtu kama wewe anayetangaza mapema na kufa mapema.

Mgonjwa hamwambii daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Niandikie mkono mmoja, kete kwa kete: ulishika nini, ulitupa nini, nani alisema nini.

Na tuelewane. Tutaandikiana habari za kete. Habari za nyumbani usiniletee.

Mdogo wako,
Fusae

*

Uranose, 11 Machi 2014

Kwa jina la Mungu, mwingi wa subira kwetu sisi tusio na subira.

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Kiwako, ambaye naomba umwambie kwamba mjomba wake si mfalme wa nchi yoyote na hata mbwa wa kijiji hawamtii. Mguu haukuguswa, asante. Natembea na fimbo kwa ajili ya mteremko tu.

Nimekubali sharti lako. Huu hapa mkono wa jana.

Kete zangu kumi na tatu zilikuja nzuri. Kufikia zamu ya sita nilikuwa na seti tatu kamili na jozi yangu. Zilibaki kete mbili zenye alama ya mianzi, nne na sita, zikisubiri tano ikae kati yao. Tano mbili zilikuwa zimekwisha kutupwa mezani; niliziona kwa macho yangu. Hata hivyo moyo ulinidunda kwa furaha ya kuwa tayari kabla ya wengine, nikaweka kijiti changu cha pointi mezani nikatangaza, "Richi!"

Zamu iliyofuata niliokota saba ya mianzi. Wewe wajua sheria: aliyetangaza richi amefunga mkono wake, haruhusiwi kubadili kitu, akiokota kete isiyomkamilisha sharti aitupe. Niliitupa saba. Sista Hatsuno akafungua kete zake polepole kama mtu anayekunjua kitambaa cha altare, akasema, "Tumshukuru Mungu, hiyo hiyo niliyoingoja." Mzee Ideguchi akaniambia, "Katekista, miaka arobaini nimesambaza barua kisiwani, sijawahi kuona mtu anayefikisha mzigo nyumbani kwa mwenyewe haraka hivyo."

Niliiona ile saba ikienda, nikajua ilikuwa na kazi mkononi mwangu. Kazi gani, sikuweza kueleza.

Nakutumia kwa posta mikate ya viazi vitamu. Hiyo si habari ya nyumbani, ni chakula.

Kaka yako,
Tokuji

*

Sasebo, 23 Machi 2014

Kaka,

Salamu. Tu wazima. Mikate imefika, na Kiwako amekula minne akiwa amesimama. Mkono wako wa kushoto uuzoeze kwa kukanda unga, si kwa bakuli tu.

Sasa sikiliza. Chukua karatasi.

Kila kete ina nakala nne tu katika mchezo mzima. Ulipokuwa na nne na sita, ulingoja tano peke yake, na tano mbili zilikwisha kufa mbele ya macho yako. Ulitangaza richi kwa ajili ya kete mbili. Mbili! Zikiwa zimezikwa ukutani au zimeshikwa na mtawa!

Kungoja katikati namna hiyo ni kubaya, lakini kunatibika. Ungenyamaza tu. Hakuna anayekulazimisha kupiga kelele. Unakaa na nne na sita yako, uso kama wa mtu anayesikiliza mahubiri marefu, unaokota na kutupa. Ikija saba, unaitupa nne, unabaki na sita na saba: sasa unangoja tano na nane, pande mbili. Tano mbili zilizobaki na nane zote nne, jumla sita badala ya mbili. Ikija tatu, unaitupa sita, unabaki na tatu na nne: unangoja mbili na tano. Ona basi, kulikuwa na kete nane, tatu na saba zote, za kukufungulia mlango mwingine, nawe ukajifunga kwa kitasa zamu moja kabla.

Kungoja ukingoni ndiko kubaya zaidi. Ukiwa na moja na mbili, unangoja tatu tu, na tiba yake inataka hatua mbili: kwanza nne ije, uitupe moja, kisha tano ije, uitupe mbili. Hutafika. Ukiona moja na mbili mapema, mkono ukiwa bado haujaiva, zivunje bila huruma.

Lakini usije ukageuka mtu wa kusubiri mpaka mwisho wa dunia. Ukuta wa kete ukikaribia kwisha na hujapata cha kukuboreshea, shika kilichopo, au ufiche kichwa usimpe mtawa ushindi.

Tatizo lako si kete, Kaka. Wewe hupenda kutangaza. Neno likifika mdomoni limeshatoka, na likishatoka ni sheria kwa watu wote. Naishia hapo.

Mdogo wako,
Fusae

*

Uranose, 27 Aprili 2014

Kwa jina la Mungu, aliyemfufua Mwanae na kutupa Pasaka nyingine.

Mdogo wangu mpendwa,

Heri ya Pasaka kwako na kwa Kiwako. Nakanda unga kila asubuhi kama ulivyoniagiza, na mke wa jirani hula matokeo yake kwa ujasiri. Je, wewe walalaje? Mtu anayesimama kutwa nzima huumwa magoti.

Naleta taarifa. Majuma mawili sijatamka richi hata mara moja. Bi Kinuyo aliniuliza, "Kwani ulimi umekwama? Tumwite nesi?" Nilikuwa na sita na nane za miduara. Nikaokota tano. Nikaitupa nane kama mtu asiye na shughuli. Mzee Ideguchi akatupa nne, nami nikafungua. Bi Kinuyo alizitazama kete zangu, akasema, "Nani anamfundisha huyu? Kuna mtu anamfundisha!" Nilisema ni dada yangu. Sista Hatsuno akaniuliza, "Una dada?" Nimeishi naye parokia moja miaka ishirini na mitano.

Jumla ya siku nilikuwa wa pili.

Najua sharti letu, na sitalivunja kwa mkono wangu. Ila tarehe kumi na tano Agosti ni Kupalizwa kwa Bikira Maria, na watoto wote wa kijiji hurudi nyumbani, na makaburi huwashiwa taa. Nimemwomba Padre akupigie simu juu ya jambo hilo. Sista naye ameahidi kukuandikia. Wao watakueleza vizuri kuliko mimi.

Kaka yako,
Tokuji

*

Uranose, 1 Juni 2014

Kwa jina la Mungu asikiaye hata palipo kimya.

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mwezi umepita bila barua yako, na nimejizuia kupiga simu kwa sababu sijui ningeanza na neno gani. Padre asema alizungumza nawe, ukamshukuru kwa adabu, ukamwuliza hali ya hewa ya kisiwani, ukakata. Sista asema hajapata jibu.

Kama ni ugonjwa, nijulishe kwa mstari mmoja. Kama ni hasira, nijulishe kwa mstari huohuo.

Mvua za majira zimeanza. Nimekuwa wa tatu.

Kaka yako,
Tokuji

*

Uranose, 22 Juni 2014

Kwa jina la Mungu, aliye haki.

Mdogo wangu,

Salamu tena kwako na kwa Kiwako. Bado sijapata jibu. Nakuandikia swali la kete, maana hilo halikukatazwa.

Ijumaa nilikuwa tena na nne na sita za mianzi. Nilinyamaza. Nikaokota saba, nikaitupa nne, nikabaki na sita na saba nikingoja tano na nane: pande mbili, kama ulivyofundisha. Zamu mbili baadaye Mzee Ideguchi akatupa nane. Nilifurahi hata nikasimama. Nikasema, "Hiyo!" nikazilaza kete zangu zote mezani.

Hakuna aliyecheka. Bi Kinuyo alinyoosha kidole chake kirefu kwenye safu ya kete nilizotupa mimi mwenyewe tangu mwanzo. Ya pili kutoka kushoto ilikuwa nane ya mianzi. Nilikuwa nimeitupa mapema, wakati sikuona thamani yake, na nilikuwa nimeisahau kabisa.

"Katekista," alisema, kwa upole ambao sijauzoea kwake, "hiyo uliitupa wewe. Sasa unaidai kwa Ideguchi?"

Nilitozwa adhabu ya mkono mzima, nikawa wa mwisho. Najua sheria ipo, lakini sielewi maana yake. Nimefuata somo lako, nimeupanua mlango. Kwa nini niadhibiwe?

Kaka yako,
Tokuji

*

Sasebo, 6 Julai 2014

Kaka,

Salamu. Mimi mzima, Kiwako mzima. Magoti yanauma, ndiyo, umepatia. Siumwi kingine.

Nilikuwa nimeapa sitajibu tena. Kisha ikaja hii barua yako kuhusu ile nane, nikacheka mpaka mteja mmoja akaniletea maji, halafu sikucheka tena. Ngoja nikujibu yote.

Kwanza kete. Kabla ya kugeuza namna yako ya kungoja, tazama ulichokwisha kutupa. Ulikuwa umetupa nane, basi saba haikuwa msaada kwako. Msaada wako ulikuwa tatu. Ungesubiri tatu, ukangoja mbili na tano, ukawa salama. Sheria ni hii, na maana yake ni nyepesi: kete uliyoitupa kwa mkono wako huwezi kuidai mkononi mwa mwenzako. Wenzako waliiona ikilala pale, wakaamini huitaki; wakapanga mambo yao kwa imani hiyo. Huwezi sasa kuwageuka. Lakini hujanyimwa ushindi, Kaka. Imebaki njia moja. Uinyooshee ukuta mkono wako mwenyewe, uiokote mwenyewe.

Pili. Padre amenipigia simu. Ana sauti nzuri. Sista ameniandikia kurasa tatu, na mwandiko wake ni mtamu kuliko wako. Wote wawili wananiambia, "Kaka yako angefurahi." Nimesoma, nimesikiliza, nikajiuliza: nani alinitupa? Padre? Alikuwa bado hajazaliwa. Sista? Hakujua hata kama nipo!

Ilikuwa siku ya pili ya mwaka, 1983. Mama alikuwa ameshika bakuli la supu. Nilikuja na mume wangu marehemu kukuambieni kwamba tumefungua ukumbi. Ukasimama mlangoni ukatangaza, kwa sauti ile ya kusomea masomo kanisani: "Usikanyage hapa mpaka uziache kete." Hukusema nyumbani kwako, ulisema "hapa". Kijiji kizima kikaelewa ni kijiji kizima. Sikuwahi kuziacha, na hukuwahi kulitangua neno lako. Basi Mama alipofariki nilituma shada la maua, mimi mwenyewe nikabaki bandarini Sasebo na nguo nyeusi mpaka meli ikaondoka.

Leo unangoja mtu mwingine anitupe mbele yako ili uniokote. Haiwezekani. Sheria haikuruhusu.

Nakupenda, mzee mkaidi. Lakini masomo yamekwisha. Umehitimu.

Mdogo wako,
Fusae

*

Uranose, 14 Julai 2014

Kwa jina la Mungu, ajuaye yaliyofichwa kabla hatujayasema.

Agata Fusae, mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Sina la kuipunguza. Kila neno uliloliweka mdomoni mwangu ni langu, na sauti ilikuwa ileile.

Kuna jambo usilolijua. Shada lako lilifika asubuhi ya mazishi, mwaka 1991. Lilikuwa kubwa kuliko yote, la mawaridi meupe, na juu yake kibao cha mbao chenye jina la ukumbi wako, kama ilivyo desturi. Kabla watu hawajafika nilikwenda na bisibisi nikakiondoa kibao. Shada nikaliacha. Watu walipoingia waliuliza shada zuri namna hii limetoka kwa nani. Nilisema sijui.

Nimewafundisha watoto wa kijiji hiki habari za Petro katika ua wa kuhani mkuu kwa miaka arobaini. Niliwaeleza jogoo, moto wa makaa, na machozi. Sijawahi kuwaambia habari ya bisibisi.

Jumamosi nimeyaungama. Padre, yule kijana mwenye sauti nzuri, alinipa sala fupi ya kitubio, kisha akasema, "Mzee, sala hii ni ya Mungu. Ya dada yako bado hujaianza."

Sikuombi uje. Barua hii inaondoka Alhamisi kwa meli ya asubuhi. Nami naondoka kwa meli hiyohiyo. Nikitangulia kufika mimi, nipokee mimi kwanza, kisha uisome. Au uisome kwanza, kisha uamue kama utanipokea. Vyovyote utakavyoamua, nitakuwa nimepanda ngazi za ukumbi wako.

Kaka yako,
Tokuji

*

Sasebo, 27 Julai 2014

Kaka,

Salamu. Natumaini mawimbi hayakukusumbua wakati wa kurudi. Umesahau dawa zako za presha kwenye sinki letu. Kiwako amezituma leo kwa posta ya haraka, na amekuandikia maneno makali kwenye bahasha. Umemzoesha vibaya. Siku tatu tu, na tayari anakukemea kama mimi.

Sasa nikuambie usiyoyaona, maana ulikuwa umesimama mlangoni ukitazama viatu vyako.

Nilikuwa meza ya dirishani na wateja watatu. Kiwako alikufungulia akadhani unachangisha fedha za kanisa. Alishaanza kutafuta pochi. Mimi nilikutambua kwa namna unavyovua kofia, kwa mikono miwili, kama Baba. Sikusimama. Mkono ukiwa umeanza hauachwi mezani, hiyo ndiyo adabu ya ukumbi wangu, hata akija askofu. Nikaendelea kuokota na kutupa. Nilikuwa tayari, pande mbili, nangoja mbili na tano za miduara. Kaka, mbili ilitupwa mara mbili mbele yangu, na tano mara moja, sikuziona. Miaka thelathini na moja ya kazi, sijawahi! Mteja wangu Tsukuda alizitazama kete zangu baadaye akasema, "Mama, leo umelala?"

Kisha ukasema. Hukungoja mkono uishe, wewe na papara zako. Ukasema kwa sauti ileile ya kusomea masomo, mbele ya watu kumi na tisa: "Mimi ni kaka yake mwenye ukumbi huu. Mwaka 1983 nilimfukuza nyumbani kwa mama yetu. Nilikosea. Neno lile nalitangua, naomba mlisikie nyote." Tsukuda akaweka kete yake chini. Mwingine akazima redio. Nami nikakuambia, "Haya, kaa. Umezuia njia ya choo."

Ndilo neno lililonijia. Miaka yote nilikuwa nimetunga hotuba.

Barua yako ilifika siku iliyofuata, ukiwa unakoroma chumba cha nyuma. Nimeisoma. Nimekaa na hicho kibao moyoni siku chache kabla ya kukuandikia, kwa kuwa sikutaka kukusamehe kwa haraka kisha nisimamie uongo. Sasa naweza kuandika. Nimekusamehe. Bado kinaniuma, na nitakutania nacho mpaka tufe.

Kuhusu mchezo wetu wa usiku wa pili: ulikuwa wa mwisho. Lakini ulinyamaza vizuri.

Sifungi ukumbi, Kaka, si kwa ajili yako wala ya parokia. Nitafunga milango siku tano tu. Tunakuja tarehe kumi na nne Agosti, mimi na Kiwako, kwa meli ya mchana. Usije bandarini na umati wa watu. Nataka kupita barabara ya kamelia kwa miguu, polepole, magoti yakiruhusu.

Mdogo wako,
Fusae

*

Uranose, 8 Agosti 2014

Kwa jina la Mungu, mtoaji wa siku tusizozistahili.

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kwako, na kwa Kiwako, ambaye bahasha yake nimeibandika ukutani mwa jikoni. Dawa zimefika. Nazinywa asubuhi na jioni, akitaka uthibitisho anipigie simu.

Hakutakuwa na umati bandarini. Nimefanya kazi kubwa kuuzuia. Jumapili, baada ya Misa, nilisimama nikawaambia watu kwamba dada yangu anakuja, kwamba ni mwenye ukumbi wa majong huko Sasebo, na kwamba aliondoka hapa kwa kosa langu, si lake. Nilitegemea kimya. Bi Kinuyo akasema kutoka benchi la nyuma, "Hayo tulishajua, Katekista. Sema anakuja saa ngapi."

Tangu hapo sina amani kituoni. Wanabishana nani akubali kukaa mkono wako wa kulia, maana wanaamini ukikaa kushoto kwa mtu unamsoma kete zake zote. Mzee Ideguchi ameanza kufanya mazoezi peke yake, anajigawia mikono minne. Sista amemwomba Padre abadili saa ya masifu ya jioni siku ya tarehe kumi na sita. Padre amekataa, naye Sista amesema ataondoka mezani kwa wakati "kama Mungu akipenda," kwa namna ambayo sikuipenda.

Meza ina nafasi nne. Walinitazama wote watatu. Basi nilisema mimi. Kiti changu, kile cha upande wa dirisha chenye mto wa bluu, utakikalia wewe siku zote tano. Mimi nitakaa nyuma yako nikimimina chai, na naapa sitasema neno hata nikiona unachokingoja. Usiku mtalala chumba cha Mama. Nimebadilisha mikeka, na nimeacha dirisha wazi siku tatu ili harufu ya kukaa bila mtu itoke.

Mungu aliyekulinda wewe na binti yako miaka yote niliyokataa kuwalinda, aendelee kukaa nanyi safarini na majini. Aibariki nyumba yako na ukumbi wako, ngazi zake na kila anayezipanda. Ampe Tsukuda afya njema na macho yasiyoona kete za wengine. Akupe usingizi mwema, magoti yasiyouma, na meza isiyopungukiwa na mtu. Na amani yake ikae nanyi, nyumba nzima, leo na siku zote. Amina.

Kaka yako,
Tokuji